Muziki wa ubora kamili: Usajili umekuwa nafuu, bando ndiyo itakumaliza

Miaka michache iliyopita, kustrimu muziki wenye ubora wa CD kulikuwa raha ya wenye pesa. Tidal ilikuwa ikiuza kiwango hicho kwa dola 19.99 kwa mwezi nchini Marekani, mara mbili ya usajili wa kawaida wa dola 9.99. Kama hukuwa na doo hizo, ulibaki na sauti iliyopunguzwa na maisha yakaendelea.

Leo mambo yamegeuka. Mei 17, 2021, Apple Music ilitangaza kwamba itawapa wateja wake wote ubora kamili bila kuongeza hata senti, na Amazon ikaondoa ada yake ya ziada siku hiyo hiyo. Aprili 2024, Tidal ikaunganisha viwango vyake viwili kuwa kimoja cha dola 10.99. Septemba 2025, Spotify nayo ikaanza kuwafungulia wateja wa Premium katika masoko zaidi ya 50.

Spotify ilichelewa sana. Ilikuwa imeahidi ubora huo Februari 22, 2021, na siku hiyo hiyo ndipo ilipotangaza kwamba inaingia katika masoko mapya zaidi ya 80, Kenya ikiwemo. Programu yenyewe tuliipata ndani ya siku chache. Ubora ulioahidiwa ulichukua miaka minne na nusu.

Kwa hivyo lile swali la "nani anauza kwa bei nafuu?" halina makali tena. Lakini gharama haikutoweka, imehama tu. Imetoka kwa usajili ikaingia kwa bando, kwa nafasi ya simu na kwa kile unachovaa masikioni. Kwa nchi ambayo wengi wetu tunanunua data ya saa moja au ya siku moja, hesabu inafaa kuanzia hapo, kabla hata ya kutaja jina la kampuni.

Ubora kamili ni nini hasa?

Sauti ya CD hupatikana kwa kupima mawimbi ya sauti mara 44,100 kila sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Ukizidisha unapata takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Huo ni mzigo mkubwa, na intaneti ya miaka ya tisini haikuubeba.

Hapo ndipo MP3, na baadaye AAC, zilipoingia na ujanja wao. Sikio la binadamu halisikii kila kitu. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, sauti ndogo iliyo karibu nayo hufunikwa. Basi faili hutupa kile ambacho huenda usingekisikia, ikabaki na kilobiti 320, 160 au hata 96 kwa sekunde. Kikishatupwa hakirudi.

FLAC, iliyotoka mwaka wa 2001, na ALAC ya Apple ya mwaka wa 2004 hufanya kazi kwa njia nyingine. Fikiria mzigo wa mitumba unaofika Gikomba. Nguo zimebanwa zikawa kitu kidogo, lakini ukikata kamba, kila shati liko. Hiyo ni FLAC. MP3 ni mtu aliyepitia ule mzigo kabla yako, akatoa nguo alizodhani hutazitaka. Mara nyingi amekisia vizuri, lakini mzigo si ule tena.

Juu ya ubora wa CD kuna ngazi nyingine, biti 24 na vipimo hadi 192,000 kwa sekunde. Kampuni huiita Hi-Res. Ni ngazi inayopendeza sana kwa tangazo na inayoumiza sana kwa bando.

Hesabu ya bando

Chukua msee anayeishi Rongai na kufanya kazi CBD. Asubuhi saa moja kwa matatu, jioni saa moja tena, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni saa 44 za muziki. Akistrimu kwa data ya simu, mambo yatakuwa hivi:

Kwa kilobiti 96, kiwango cha kawaida cha Spotify, atatumia takriban MB 43 kwa saa. Mwezi mzima haufiki GB 2.

Kwa kilobiti 320, kiwango cha juu kabisa cha sauti iliyopunguzwa, ni MB 144 kwa saa. Mwezi ni karibu GB 6.3.

Kwa FLAC ya ubora wa CD, weka takriban MB 400 kwa saa. Idadi hubadilika kulingana na wimbo, kwa sababu gitaa moja na sauti moja hubanwa vizuri kuliko wimbo uliojaa vyombo. Mwezi ni kati ya GB 17 na 18.

Kwa Hi-Res ya juu kabisa, Apple yenyewe inakadiria kwamba wimbo wa dakika tatu ni MB 145. Nyimbo 20 kwa saa ni GB 2.9. Mwezi ni zaidi ya GB 127.

Tazama hiyo ya mwisho tena. Ukinunua bando ya GB 1 ya saa moja, itaisha kwa takriban dakika 20. Pengine hata hamjafika Lang'ata Road.

Suluhisho lipo na ni rahisi: pakua nyimbo ukiwa kwa WiFi, kisha usikilize njiani bila data. WiFi ya nyumbani ya kawaida haitatoka jasho kwa FLAC, kwa sababu wimbo wa ubora wa CD unahitaji karibu megabiti 1 tu kwa sekunde. Tatizo linahamia kwa nafasi. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 320 ni kama MB 10, na kwa FLAC ni kama MB 27. Kwa GB 10, utaweka nyimbo zaidi ya 1,000 za aina ya kwanza, au takriban 370 za aina ya pili. Kama simu yako ni ya GB 64 na nusu yake imejaa video za WhatsApp za familia, utalazimika kuchagua.

Bluetooth inakula ulicholipia

Hapa ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Unawasha ubora kamili, bando inakatwa mara tatu ya kawaida, halafu unasikiliza kwa hedifoni zisizo na waya. Bluetooth ya kawaida haina upana wa kupitisha sauti hiyo yote. Simu inaifungua FLAC yako, inaibana upya kwa njia inayotupa sauti, kisha inaituma masikioni.

Njia ya zamani zaidi, SBC, hufika takriban kilobiti 328 kwa sekunde. AAC, inayotumika na AirPods, huwa karibu 256. LDAC ya Sony hufika 990 mambo yakiwa mazuri, na bado hiyo iko chini ya 1,411. Kuna aptX Lossless ya Qualcomm inayoweza kufikisha ubora wa CD, lakini ni lazima simu na hedifoni zote mbili ziwe zinaielewa.

Kampuni hazifichi jambo hili. Spotify ilisema wazi ilipozindua huduma yake kwamba Bluetooth hulazimisha sauti kubanwa kabla ya kutumwa, na Apple imeandika kwamba AirPods zikitumia Bluetooth hazipati ubora kamili kutoka kwa simu. Ni vile watu husoma kitufe, hawasomi maelezo.

Na hapa kuna kichekesho kidogo. Apple iliondoa tundu la hedifoni kwa iPhone 7 mwaka wa 2016, na simu ghali za kampuni nyingine zikafuata. Lakini simu nyingi za bei ya chini za Tecno, Infinix na itel zimebaki na lile tundu. Kwa hivyo mwanafunzi mwenye simu ya bei nafuu na hedifoni nzuri za waya anaweza kusikia ubora wa CD, wakati yule mwenye simu ya zaidi ya laki moja na vifaa vyeupe visivyo na waya anasikia sauti iliyopunguzwa. Wote wawili wanaweza kuwa wamewasha kitufe kile kile.

Kama simu yako haina tundu, adapta ya Type-C yenye chipu yake ya sauti ndani itakusaidia. Ile ya Apple ya Lightning hupitisha hadi biti 24 na kilohezi 48, ambayo ni zaidi ya CD. Uliza kuhusu hiyo chipu kabla ya kulipa, kwa sababu adapta nyingine ni waya mtupu na hazitafanya kazi na kila simu.

Je, utasikia tofauti?

Swali hili limepimwa vizuri. Mwaka wa 2007, Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha matokeo ya majaribio 554 ambapo wasikilizaji walilinganisha rekodi za Hi-Res na rekodi zile zile zikishushwa hadi ubora wa CD. Walipatia mara 276, yaani asilimia 49.8. Ni sawa na kurusha sarafu.

Mwaka wa 2016, Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, aliunganisha tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 na akapata asilimia 52.3. Tofauti ipo basi, lakini ni ndogo mno, na wasikilizaji waliofunzwa walifanya vizuri zaidi. Sababu haishangazi. Masikio ya kijana husikia hadi karibu hezi 20,000, na CD tayari hubeba hadi 22,050.

Ila hizo ni tafiti za Hi-Res dhidi ya CD. Kutoka kilobiti 96 hadi ubora wa CD ni safari nyingine kabisa. Huko utasikia upatu ukiacha kuchakaa, besi ikisimama imara, na ile mwangwi ya chumba ikirudi. Kutoka 320 hadi CD, tofauti inakuwa ngumu sana kuisikia, hasa ndani ya matatu iliyo na besi yake mwenyewe.

Usichukue neno la mtu. Tafuta rafiki, hedifoni za waya na wimbo unaoujua kwa moyo. Yeye abadilishe ubora kwa mpangilio asiokuambia, wewe ukiangalia kando, mara kumi. Sauti iwe kwa kiwango kile kile, kwa sababu wimbo unaosikika kwa nguvu zaidi huonekana bora hata kama si bora. Ukipatia tisa au kumi, masikio yako yanastahili FLAC. Ukipatia tano, umeokoa GB 11 kila mwezi.

Huduma zenyewe

Ukishajua hayo, kuchagua kunakuwa kwepesi.

Apple Music inapanda kutoka ubora wa CD hadi biti 24 na kilohezi 192, yote ndani ya usajili mmoja. Ipo kwa Android pia, na ubora kamili unapatikana huko tangu 2021, kwa hivyo usidhani ni ya wenye iPhone pekee. Ni lazima uiwashe mwenyewe, na ina mipangilio tofauti kwa data ya simu, kwa WiFi na kwa kupakua. Hilo kwa Mkenya ni jambo kubwa.

Spotify inasimama kwa biti 24 na kilohezi 44.1. Karatasini iko chini ya Apple, lakini kwa masikio hiyo inatosha kabisa. Nguvu yake iko kwa orodha za nyimbo na jinsi inavyokujua. Fungua mipangilio ya ubora wa sauti. Ukiona neno Lossless, unayo, na lazima uiwashe kwa kila kifaa. Ukilikosa, bado una kilobiti 320.

Deezer ya Ufaransa, iliyoanza mwaka wa 2007, hutoa FLAC ya ubora wa CD na haijisumbui na mashindano ya Hi-Res. Kwa mtu anayepakua nyimbo nyingi kwa simu yenye nafasi ndogo, hilo si kasoro.

Tidal inafika biti 24 na kilohezi 192, na historia yake ina funzo. Kwa miaka mingi ilitangaza ubora wa studio kupitia teknolojia ya MQA, ambayo wahandisi wengi walionyesha kwamba hupoteza sehemu ya sauti. Kampuni ya MQA iliwekwa chini ya wasimamizi Aprili 2023, na Julai 2024 Tidal ikaiacha na kubaki na FLAC. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

YouTube Music haina ubora kamili, na kilele chake ni kilobiti 256. Mdundo ya hapa nyumbani ilijengwa juu ya kupakua MP3, kwa sababu ilijua mteja wake ananunua data kidogo kidogo. Hazishindani katika mbio hizi, na si aibu.

Na muziki wetu je?

Huduma inaweza kukupa faili nzima, lakini haiwezi kurudisha kilichopotea kabla faili haijafika kwake. Prodyusa akimtumia msanii wimbo kama MP3 kwa WhatsApp, msanii akaigeuza WAV na kuipakia, programu itaandika Lossless bila kudanganya. Haijapoteza chochote kutoka kwa faili iliyokuwa tayari imepoteza. Kwa hivyo kabla ya kulipia huduma kwa sababu ya sauti, jaribu nyimbo tano unazosikiliza kweli, hata kama ni gengetone, benga au injili ya lugha ya mama. Usijaribu kwa wimbo wa Marekani uliorekodiwa kwa studio ya mamilioni, kisha utegemee kila kitu kisikike hivyo.

Kama wewe ni msanii au una rafiki msanii, jambo hili linakugusa zaidi ya msikilizaji. Hifadhi masta yako ya WAV mahali pawili. Mitambo ya kusikiliza inaboreka kila mwaka, lakini faili iliyopunguzwa leo itabaki hivyo hadi wajukuu wako waikute.

Tuna mfano wa mjukuu wa kweli. Joseph Kamaru, nguli wa muziki wa Kikuyu, alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake mwenye jina lile lile, anayejulikana duniani kama KMRU, amekuwa akitoa upya kazi za babu yake kupitia Bandcamp. Hapo huna usajili wa kila mwezi. Unanunua albamu mara moja kwa kadi au PayPal, unaipakua kwa FLAC, na inabaki yako. Bandcamp kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na baada ya ada za malipo, sehemu kubwa inamfikia mwenye kazi. Linganisha na Spotify, ambako tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa kwa miezi 12 haulipwi mrabaha wowote wa rekodi.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu huikumbuka wakiwa wamechelewa. Nyimbo ulizopakua ndani ya huduma ya kustrimu ni za kukodi. Usajili ukikatika Januari karo zikikubana, zinafungwa. FLAC uliyonunua itacheza hata ukiwa huna bob moja.

Basi uchague vipi?

Kama unasikiliza njiani kwa data, na kwa hedifoni za Bluetooth, ubora kamili si wako kwa sasa. Chagua huduma yenye nyimbo unazopenda, uweke kilobiti 160 au 320, na uhakikishe kitufe cha Lossless kimezimwa upande wa data ya simu. Pesa utakazookoa kwa miezi michache zitanunua hedifoni za waya zilizo bora, na hizo zitabadilisha sauti yako kuliko FLAC yoyote.

Kama una WiFi nyumbani na hedifoni za waya au spika nzuri, washa ubora wa CD kwa WiFi na kwa kupakua. Kati ya Apple Music, Deezer na Spotify, acha nyimbo na orodha zikuamulie, kwa sababu sauti haitatosha kuzitenganisha. Hi-Res iache izimwe hadi siku utakapopita lile jaribio la mara kumi.

Na kama kuna msanii mmoja au wawili unaowapenda kwa dhati, tenga pesa ya miezi miwili ya usajili kila mwaka ununue albamu zao moja kwa moja. Utapata faili nzima isiyofungwa na mtu, na yeye atapata malipo anayoweza kuyaona.

Leo jioni, kabla ya kulipa chochote, fungua mipangilio ya programu uliyo nayo uangalie ubora wa kustrimu kwa data ya simu. Huenda ukagundua kile kilichokuwa kikimaliza bando yako.